Redio ya mjomba imekata fyuzi: nibadilishe kapasita zote?

"Shikamoo fundi. Marehemu mjomba aliniachia transiva (redio ya kupokea na kutuma) ya Yaesu FT-101E, aliyouziwa na Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao. Imekaa kabatini hapa Tanga zaidi ya miaka ishirini. Plagi yake ilikuwa ya meno mawili bapa, nikaikata nikafunga ya kwetu. Nilipowasha, taa ya mbele iling'aa sana mara moja ikazima. Fyuzi ya nyuma imekatika, imeandikwa 5A. Fundi simu wa mtaani anasema kapasita zote zimekufa kwa uzee, tung'oe zote, halafu tupulize ndani ile dawa ya kulegezea nati kuondoa kutu. Rafiki yangu anasema nifunge fyuzi kubwa zaidi nione kitakachotokea. Mwingine anasema valvu zake, zile chupa za kioo za ndani, hazitengenezwi tena, bora niuze chuma chakavu. Nianzie wapi, na je, inafaa kuhangaika nayo?"

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mjomba. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu nusu ya jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Liko kwenye ile plagi uliyoikata na kwenye ile namba ya fyuzi.

Meno mawili bapa ni plagi ya Marekani, na kwao umeme wa ukutani ni volti 120. Wetu ni 230. FT-101 ilitengenezwa Japani ili iuzwe dunia nzima, kwa hiyo transfoma yake hupangwa kwa volti 100, 110, 117, 200, 220 au 234, kutegemea waya zimefungwa wapi. Zilizouzwa Marekani zilifungwa kwenye 117 na kuwekewa fyuzi ya ampea 5. Zinazofungwa kwenye volti 200 na kuendelea huwekewa ya ampea 3. Yako ina ya 5. Basi kabla hatujazisingizia kapasita, mimi nashuku kwamba uliipa mashine umeme karibu mara mbili ya ule iliopangiwa. Na ile taa iliyong'aa kupita kiasi kabla ya kuzima inanisadikisha zaidi.

Huenda unajiuliza mjomba aliitumiaje miaka yote hiyo. Hebu rudi kabatini, angalia chini au nyuma kabisa, kama hakuna kiboksi kizito cha chuma chenye soketi ya meno bapa. Hiyo ni transfoma ya kushusha umeme, na wengi waliouziwa vyombo na Wamarekani walikuwa nayo. Ukiikuta, kitendawili kimeteguka.

Sasa elewa kilichotokea, maana ndicho kitakachokuonyesha kwa nini ushauri wa fyuzi kubwa ni wa kuua. Chuma cha ndani ya transfoma kina kikomo cha usumaku kinachoweza kuubeba. Ukiipa volti zake, koili inaukinza umeme na mkondo unapita kidogo kidogo. Ukiipa mara mbili, chuma kinashiba, koili haikinzi tena, na kinachobaki mbele ya umeme wa ukutani ni waya wa shaba wenye omu chache tu. Mkondo unaruka, na kitu chembamba kuliko vyote njiani ndicho kinachokatika. Safari hii kilikuwa fyuzi. Ukiweka nene zaidi, safari ijayo kitakuwa waya wa transfoma yenyewe, na hiyo huipati Kariakoo wala Luthuli Avenue ya Nairobi. Fyuzi ya shilingi chache imekuokolea mashine. Usiiadhibu kwa kuiletea kaka yake mkubwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuangalia, si kuchomoa. Toa plagi ukutani, acha mashine usiku kucha, kisha fungua vifuniko. Chini ya chasisi, yaani fremu ya chuma, utaona vituo vya transfoma na vipande vifupi vya waya vinavyoviunganisha. Upande wa kuingilia umeme una koili mbili zinazofanana. Kwa 117 zinafungwa sambamba, kwa 234 zinafungwa kwa mfululizo, yaani mwisho wa moja unashikana na mwanzo wa nyingine. Mchoro umo kwenye mwongozo wa mashine, na mwongozo wa FT-101E unapatikana mtandaoni bila shida. Uchapishe kwenye karatasi, kwa sababu simu itazima ukiwa umeshika kichomeo mkononi. Sisi tunafunga kwenye 234, si 220. Umeme wa 230, ambao usiku wa manane hupanda kidogo, ukiingizwa kwenye 220 unazidisha volti za kila kitu kilichomo, hadi joto la nyuzi za valvu. Kisha fyuzi iwe ya ampea 3.

Nilisema uiache usiku kucha, lakini hiyo peke yake haitoshi kukuhakikishia usalama. Kule nyuma kuna chumba kilichofunikwa kwa bati lenye matundu. Ndani yake mna valvu mbili kubwa za 6JS6C zinazopeleka nguvu kwenye antena, na humo hupita volti kama 600 za umeme wa moja kwa moja. Kapasita zinazohifadhi umeme huo zina rezista za kuumwaga ukizima, ila rezista ya miaka hamsini inaweza kuwa imekatika bila mtu kujua. Mimi niliwahi kuamini rezista ya namna hiyo, na nilirushwa mpaka ukutani. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kina kovu mpaka leo. Chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 10, ifunge kwenye kijiti kikavu cha plastiki, upande mmoja uende kwenye chasisi kwa klipu, upande wa pili uguse mahali pa volti kubwa kwa hesabu ya kumi. Usitumie bisibisi kupiga shoti kama wafanyavyo wengine, unaharibu kapasita na unajirushia cheche machoni. Baada ya hapo pima kwa mita, na mkono mmoja uwe mfukoni. Kama hujawahi kushika kitu chenye zaidi ya volti 50, hapa simama, mtafute mtu. Nitalirudia hili.

Tuje kwenye kapasita, maana fundi wako hajakosea kabisa, amekosea kipimo. Kapasita ya elektroliti ni karatasi mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloa kimiminika. Kinachotenganisha umeme ni ngozi nyembamba mno ya oksidi juu ya alumini. Ngozi hiyo huumbwa na kutunzwa na volti zenyewe. Ikikaa miaka ishirini bila umeme inakonda. Ukiirushia volti zote ghafla, mkondo unavuja, kimiminika kinachemka, kopo linavimba au linapasuka. Ukiipa volti taratibu, ngozi inajijenga upya. Na kwa hewa ya Tanga, yenye joto na chumvi, kimiminika chenyewe hukauka, na kilichokauka hakirudi hata ukibembeleza.

Lakini kung'oa zote ni balaa la aina nyingine. Mashine hii ina kapasita nyingi mno, na sehemu kubwa ni za mika na seramiki ambazo hazizeeki hivyo. Nimeletewa FT-101 kadhaa zilizokuwa na ugonjwa mmoja, zikaondoka kwa fundi na magonjwa sita: njia za shaba zimebanduka kwenye bodi, waya zimefungwa kinyume, koili zimechokonolewa kwa bisibisi. Koili usiziguse kabisa. Ule wino au nta uliomo juu yake ni ishara kwamba ziliwekwa sawa kiwandani kwa vyombo ambavyo wewe na mimi hatuna.

Mimi ningebadilisha chache tu. Kwanza zile elektroliti kubwa za volti 600, kwa sababu zikipasuka hazifi peke yake. Pili, elektroliti ya bayasi, na hapa nisikilize vizuri. Valvu ya kutuma ina gridi inayofanya kazi kama koki ya maji: ukiipa volti hasi nyingi inafunga, ukizipunguza inafungua. Volti hizo hasi ndizo tunaziita bayasi, na zinatunzwa na kapasita moja ndogo ya bei ya soda. Ikikauka, bayasi inashuka, koki inabaki wazi, valvu inapitisha mkondo bila kikomo mpaka bamba lake la ndani linageuka jekundu kama kaa la mkaa. Dakika moja ya hali hiyo inatosha kumaliza valvu ya bei mbaya. Ukiibadilisha, kumbuka umeme wa hapo ni hasi, kwa hiyo mguu wa kujumlisha wa kapasita ndio unaokwenda kwenye chasisi. Mafundi wazoefu hukosea hapo, maana mkono umezoea kufunga kutoa kwenye chasisi.

Ya tatu wala si elektroliti. Ni kapasita inayounganisha valvu ndogo ya 12BY7A na gridi za zile kubwa mbili. Upande wake mmoja una volti mia kadhaa chanya, upande wa pili una bayasi hasi. Ikianza kuvuja hata kidogo, uchanya unapenyeza kwenye gridi, na matokeo ni yaleyale, valvu nyekundu. Weka mpya ya mika au seramiki, thamani ileile, ya kuhimili volti 1,000 au zaidi. Kwa vitu hivi vitatu utakuwa umezilinda valvu kuliko mtu aliyebadilisha kapasita hamsini.

Hapo ndipo tunawasha, na tunawasha kupitia balbu. Funga balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye mashine. Lazima iwe ya nyuzi. Za LED hazifai kwa kazi hii. Siku hizi madukani ni adimu, ila waulize wafugaji wa kuku, bado wanazitumia kuwapa vifaranga joto. Swichi ya HEATER mbele izime, ili valvu zisipate moto na mashine ibaki na kazi ya kupokea tu. Washa. Balbu iking'aa kidogo kisha ikafifia, salama. Iking'aa kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna shoti ndani, zima. Balbu imekula umeme ambao ungechoma transfoma.

Ila nisikudanganye kuhusu balbu, kwa sababu wengi wanaiamini kupita uwezo wake. Balbu inazuia mkondo, haizuii volti. Kwa kuwa volti 600 hazina mzigo wakati wa kupokea, kapasita zake zitapanda karibu mpaka juu ndani ya sekunde chache hata ukiwa na balbu. Anayetaka kuzijenga upya kapasita za zamani kwa taratibu anahitaji variaki, ile transfoma ya kuzungusha inayopandisha volti toka sifuri, na saa kadhaa za subira. Ndiyo maana nimekuambia hizo kubwa uzibadilishe tu.

Ikiwaka salama, unganisha waya wa mita kumi hivi kama antena na usikilize. Kwenye swichi ya bendi kuna nafasi ya megahezi 10 iliyoandikwa JJY/WWV, iliyowekwa kwa ajili ya vituo vya saa, vinavyotangaza wakati sahihi. JJY ya Japani ilifunga matangazo yake ya masafa mafupi mwaka 2001, lakini WWV ya Marekani na BPM ya China bado zinapiga hapo. Jioni jaribu. Ukisikia tik, tik, tik ya sekunde ikipenya kwenye makelele, mpokezi wa mjomba yu hai.

Usiposikia kitu, au sauti inakatika ukigonga meza, bado usitafute kapasita ya kulaumu. Uzuri wa FT-101 ni kwamba sehemu kubwa ya saketi zake ziko kwenye kadi zinazochomekwa, na meno ya kadi hizo hufunga ukungu. Zima, chomoa kadi moja baada ya nyingine, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kile laini cha watoto wa shule, pangusa kwa spiriti isiyo na maji, rudisha. Nimefufua mashine kwa kifutio peke yake, na mwenyewe akakataa kuamini kwamba sikuficha spea. Kontakti za relei (swichi zinazovutwa kwa sumaku) zipitishie ukanda wa karatasi nyeupe ngumu, kamwe si msasa. Swichi za bendi ziguse kwa brashi ndogo yenye dawa ya kusafishia kontakti za umeme. Ile dawa ya kulegezea nati ibaki kwenye baiskeli. Inaacha mafuta, mafuta yanakamata vumbi, vumbi la pwani lina chumvi, na baada ya msimu mmoja wa mvua utakuwa na uji ndani ya swichi.

Kutuma ni hatua nyingine, na usiifikie bila antena bandia, yaani mzigo unaomeza nguvu badala ya kuirusha hewani. Unaweza kuitengeneza: rezista 20 za kilo-omu 1, zote sambamba, zinakupa omu 50. Ziwe za kaboni au za oksidi ya chuma, zisiwe za waya wa kuviringisha, kwa sababu hizo ni koili zilizojificha na masafa ya redio yatazikataa. Za wati 3 kila moja zinakupa jumla ya 60, zinazotosha kwa majaribio ya sekunde chache. Washa HEATER, subiri dakika kadhaa. Valvu zisipotoa mwanga hata kidogo, usikimbilie kusema zimekufa. Nyuma ya mashine kuna soketi ya vifaa vya ziada yenye plagi yake fupi, na umeme wa nyuzi za valvu hupitia kwenye waya uliomo ndani ya plagi hiyo. Watu huiona haina kazi, wakaitupa. Angalia kama ya mjomba ipo.

Nyuzi zikiwaka, mita ya mbele iwe kwenye IC (inayopima mkondo wa valvu kubwa), vitufe vya sauti na keria, yaani wimbi la kutuma, vyote sifuri, kisha bonyeza kutuma. Mshale uende kwenye miliampea 60 na utulie. Ukipanda polepole wenyewe, achia mara moja, rudi kwenye bayasi na kapasita ya kuunganisha. Ukitulia, ndipo unatafuta kilele kwa kitufe cha PRESELECT, shimo (pale mshale unaposhuka kabisa) kwa PLATE, na nguvu kwa LOADING, usizidishe sekunde kumi kwa wakati mmoja na upumzishe kati yake. Vijana waliozoea mashine za transista zinazojirekebisha zenyewe huruka hatua hii, wanaona hakuna nguvu, wanaagiza valvu mpya. Mashine ilikuwa nzima, haikutafutiwa shimo tu.

Kuhusu valvu zenyewe, rafiki yako anasema kweli. 6JS6C ilibuniwa kwa ajili ya televisheni, televisheni za valvu zimekwisha, na viwanda vilishaacha kuzitengeneza. Zilizobaki ni akiba za zamani zinazouzwa nje kwa bei inayoumiza, na zinasafiri kama mayai. Tena ukiweka jozi ya kiwanda tofauti na ya awali, lazima usawazishe upya ule umeme unaorudi nyuma toka bamba kwenda kwenye gridi, na pengine ubadilishe kapasita ndogo ndogo za pembeni. Usiposawazisha, valvu inaanza kuimba yenyewe na kujiunguza. Kazi hiyo inafanywa volti 600 zikiwa hai karibu na vidole, na ndiyo ninayokukataza kuifanya peke yako kwa mara ya kwanza. Ya pili ni kuhamisha waya za transfoma, kama mchoro haukuelei. Tafuta mwendeshaji wa redio ya ridhaa mwenye uzoefu wa valvu, au fundi mzee aliyekulia kwenye televisheni za zamani. Saketi ya nguvu ya mashine hii ataitambua kama ndugu yake. Wa simu, kwa heshima zote, amezoea volti 4.

Je, inafaa? Kama unataka tu kuzungumza na dunia kwa gharama ndogo na wasiwasi mdogo, transiva ya transista iliyotumika haitakusumbua hata nusu ya nusu ya hii. Kama valvu ulizonazo ni nzima, FT-101E itakupa wati 100 hivi na sauti nzuri, na kila kitu ndani yake kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Kama valvu zimekufa, mimi nisingenunua jozi mpya mwaka wa kwanza. Ningeitumia kama mpokezi, nijifunze masikio kwanza. Na kumbuka leseni haiambatani na mashine: alama ya mwito ya mjomba si urithi, kwa hiyo kabla ya kuunganisha antena ya kweli na kutuma, pitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, upate yako.

Kwa sasa usinunue chochote. Piga picha ya vituo vya transfoma kwa chini, karibu kiasi cha kusoma namba, pamoja na ile soketi ya nyuma, unitumie kabla hujagusa waya hata mmoja. Na uniambie kama boksi la kushushia umeme umelikuta kabatini.